Jedwali lipo, jedwali halipo: uchambuzi wa kisa cha mafaili ya .frm kwenye chama cha ushirika Mtwara

Kisa hiki kimetokea miaka michache iliyopita, nimeondoa jina la chama, wilaya, na watu wote waliohusika. Nakiandika maana nimeshakutana na kompyuta zenye databesi ya zamani kama hii Mtwara, Masasi mpaka Nachingwea, zinafanya kazi kimya kimya miaka na miaka na wenye nazo hawajui wamekalia nini.

Mazingira

Chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyoviita. Kinapokea korosho za wakulima wa vijiji kadhaa, kinapima, kinaandika, mzigo unaenda ghala kuu kusubiri mnada, hela ikitoka makato yanakatwa na kinachobaki kinaingia akaunti ya mkulima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/2008, kazi kubwa ya chama imekuwa hesabu na karatasi. Kilo moja ikipotea kwenye maandishi, kuna mtu amepalilia, amepuliza salfa, ameokota, na hatalipwa.

Programu yao iliandikwa na kijana mmoja ambaye alishahamia mkoa mwingine. Imeandikwa kwa lugha ya PHP, data inatunzwa na programu ya databesi iitwayo MySQL, toleo la 5.5, vyote kwenye kompyuta moja ya mezani ya Windows chini ya meza ya mhasibu. Majedwali 41. Kubwa kuliko yote linaitwa mizani, kila upimaji wa kila mkulima umo humo, misimu yote. UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ilikuwepo lakini betri yake ilishakufa, imebaki kuwa sehemu ya kuchomekea waya tu.

Bakapu walikuwa nazo, au ndivyo walivyoamini. Kila Ijumaa karani alikuwa anafungua folda yenye jina la databesi yao, anaikopi nzima kwenye flashi, anaandika tarehe. Kijana mwangalifu, hajaruka wiki hata moja. Mkumbuke huyo karani, maana habari ya flashi inarudi.

Faili ya .frm ni kitu gani

Bila kuelewa hapa, kisa chote hakitaeleweka. MySQL mpaka toleo la 5.7 kila jedwali lina faili yake yenye jina la jedwali na mwisho wa .frm. Ndani yake hakuna data hata chembe, kuna maelezo ya jedwali tu, yaani kolamu zinaitwaje, ni za aina gani, fahirisi za kutafutia haraka zipo wapi. Ni faili ya zamani kuliko MySQL yenyewe. Ilirithiwa kutoka UNIREG, programu aliyoiandika Michael Widenius kabla MySQL haijatoka mwaka 1995, na hizo herufi frm zinatokana na fomu, maana UNIREG ilikuwa inachora fomu za kujazia kwenye skrini za maandishi. Miaka yote hiyo sehemu ya kupanga skrini iliendelea kubebwa ndani ya .frm wakati hakuna mtu anayeitumia.

Sasa tatizo. InnoDB, injini iliyo ndani ya MySQL inayotunza data, ina kamusi yake ya ndani ambayo nayo inaandika majedwali yote na kolamu zake. Kwa hiyo jedwali moja linaelezwa sehemu mbili, seva, yaani MySQL yenyewe, inasoma .frm, InnoDB inasoma kamusi yake, na hakuna anayehakikisha hizo mbili zinasema kitu kimoja. InnoDB ina logi, faili la kuandika kila badiliko, umeme ukikatika inajirudisha mahali ilipofikia. Faili ya .frm haina logi, ni faili kama faili nyingine, iko mikononi mwa Windows.

Nilipomweleza mama mhasibu hivyo alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akavuta droo, akatoa daftari la karani wa mizani na kitabu cha stakabadhi, akafungua ukurasa wa mkulima mmoja: daftarini kilo 184, kwenye stakabadhi kilo 148. "Mwanangu, huu ugomvi tulikaa nao wiki tatu," akasema. Wote wawili waliandika, na wote wanaapa.

Siku yenyewe

Katikati ya Septemba, wiki chache kabla ya msimu. Walitaka kuanza kuandika unyevu wa korosho kwenye kila upimaji, kwa hiyo karani akaelekezwa kwa simu na kijana aliyeandika programu aongeze kolamu kwenye jedwali la mizani. Amri ni mstari mmoja wa ALTER TABLE. Kwenye 5.5 amri hiyo inatengeneza jedwali jipya pembeni, inakopi mistari yote, ikimaliza inalibadili jina la zamani liwe jina la muda linaloanza na #sql2, jipya linapewa jina la mizani, la zamani linafutwa. Na kila kubadili jina kunafanyika mara mbili, kwanza ndani ya InnoDB, alafu faili ya .frm kwenye diski.

Umeme ukakatika. Ulivyorudi programu ikafunguka vizuri, orodha ya wakulima inaonekana, makato yanaonekana, ukigusa mizani inakuja era namba 1146, jedwali halipo. Lakini ukiagiza SHOW TABLES, mizani limo kwenye orodha. Karani akawasha na kuzima mara tatu. Alafu akachukua flashi, akachomoa mizani.frm ya Ijumaa moja ya msimu uliopita, akaibandika juu ya iliyopo. Hakubaki na nakala ya ile aliyoifunika.

Hapo ndo nikapigiwa simu.

Tulichoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzima seva na kukopi folda yote ya data ya MySQL kwenye hadidiski ya nje kabla sijagusa kitu, pamoja na ibdata1, faili la data ya InnoDB, na mafaili mawili ya logi yake, ib_logfile. Meneja alikuwa na haraka na haraka yake naielewa, lakini ukianza kujaribu dawa kwenye nakala pekee iliyobaki, kila jaribio linaweza kuwa la mwisho. Kukopi kulichukua kama nusu saa.

Wakati inakopi nikafungua flashi. Folda za Ijumaa zimepangwa vizuri kwa tarehe, nikaingia moja, ukiacha machache ya jedwali la ushuru ni mafaili 41 ya .frm, kila moja kilobaiti 8 au 9. Nikaingia nyingine, hivyo hivyo. Kwenye 5.5 ukiacha mipangilio ilivyo, data ya InnoDB ya majedwali yote inakaa ndani ya faili moja la ibdata1, na hilo liko nje ya folda ya databesi, ngazi moja juu. Kwa hiyo miaka yote alikuwa anakopi michoro ya majedwali, hakuna mkulima hata mmoja ndani. Nilimwonyesha ukubwa wa faili mwenyewe kwa macho yake, akanyamaza muda mrefu. Sikumlaumu, maana folda ina jina la databesi, ndani kuna faili lenye jina la kila jedwali, nani angedhani siyo yenyewe?

Uamuzi wa pili, kutotumia innodb_force_recovery, mpangilio wa kuilazimisha InnoDB iwake hata ikiwa imeharibika. Watu wengi wakiona jedwali halifunguki wanakimbilia huko, wanapandisha namba mpaka 6. Lakini InnoDB iliwaka yenyewe vizuri na kwenye logi ya makosa ilisema wazi kwamba haioni mizani kwenye kamusi yake ya ndani ingawa faili ya .frm ipo. InnoDB haikuwa mgonjwa. Iliyokuwa na kasoro ni ile karatasi ya pembeni.

Uamuzi wa tatu, kuiuliza InnoDB yenyewe. Kwenye 5.5 ukitengeneza jedwali lenye jina innodb_table_monitor, InnoDB inaanza kumwaga kamusi yake kwenye logi ya makosa. Nikafanya hivyo na nikaliona, jedwali la zamani lipo zima na mistari yake, ila linaitwa jina la #sql2. Kumbe InnoDB ilishalibadili jina na kuandika kwenye logi yake, upande wa faili haukufika. Data ya mizani ilikuwepo muda wote, imekosa mtu wa kuiita kwa jina lake.

Dawa ya kawaida ni kuipa .frm sahihi jina lile lile la #sql2 alafu kulirudisha jedwali kwenye jina lake:

RENAME TABLE `#mysql50##sql2-a4c-3` TO mizani;

Lakini .frm sahihi hatuna, imefunikwa na ya msimu uliopita ambayo haina kolamu ya mkopo wa salfa iliyoongezwa baadaye. Unaweza kusema basi tengeneza nyingine, kamusi ya InnoDB si imekuonyesha kolamu? Imenionyesha ndiyo, isipokuwa kitu kimoja. Kolamu ya daraja ilikuwa ya aina ya ENUM, yaani orodha ya majina yaliyopangwa kwa namba, na InnoDB ya ENUM inajua namba tu, 1 au 2. Namba ipi ni daraja gani imeandikwa kwenye .frm peke yake, hakuna sehemu nyingine kwenye databesi nzima.

Nikachukua mizani.frm ya kwenye flashi, nikaisoma na mysqlfrm, programu ya kusoma mafaili ya .frm, kwa ile njia yake ya kusoma baiti moja kwa moja, ikanitolea maelezo. Kijana aliyeandika programu alikuwa ameanza na daraja la pili, alafu la kwanza. Sijui kwa nini, ila ndivyo alivyoandika. Ningeandika kwa akili yangu ningeanza na la kwanza, na kila kilo ya daraja la kwanza ya misimu yote ingegeuka ya pili na ya pili ikawa ya kwanza, bila era yoyote, bila mtu kujua mpaka mkulima aje na stakabadhi yake mkononi. Hizo flashi ambazo hazikuwa bakapu ndizo zilizotuokoa hapo.

Kwenye laptopu yangu yenye 5.5 nikatengeneza jedwali tupu lenye kolamu zile zile, aina zile zile, mpangilio ule ule wa ENUM, kolamu ya salfa mwishoni kama kamusi ilivyoonyesha. Nikachukua .frm yake, nikaipa jina la #sql2 kwenye nakala ya data, nikaondoa ile mizani.frm ya zamani, nikaagiza RENAME. Ikakubali. Hapo hapo nikatoa kwa mysqldump dampu ya databesi nzima, yaani nakala ya kila kitu kama maandishi ya amri, kabla hata ya kuangalia kingine. Baada ya hapo mama mhasibu akatoa stakabadhi 30 za wakulima tofauti, yeye anasoma, mimi natazama kwenye skrini, kilo na daraja. Zote zikakubaliana.

Uamuzi wa nne ulileta mabishano. Meneja alitaka tuhamie toleo jipya wiki hiyo hiyo, akisema hataki kulala tena na kitu kama hiki. Mimi nikakataa. Msimu unaanza Oktoba, programu haijajaribiwa kwenye toleo jipya, tukikwama wakati magunia yamepangana nje na wakulima wamekaa chini ya mkorosho wanasubiri kupimiwa, hali inakuwa mbaya kuliko hii. Tukakubaliana betri mpya ya UPS, mysqldump kila jioni kwenda diski mbili tofauti, marufuku ALTER yoyote mpaka malipo yaishe. Unyevu ukaandikwa kwenye daftari msimu ule wote. Karani wa mizani alilalamika, na alikuwa na haki, kazi iliongezeka.

Kuhama

Mwezi wa tatu, malipo yameisha, ndo tukahama. Tulichagua MySQL 8.0 iliyotoka rasmi Aprili 2018, kwa sababu ndilo toleo lililoondoa .frm kabisa. Maelezo yote ya majedwali yako kwenye kamusi moja inayotunzwa na InnoDB yenyewe, ndani ya faili la mysql.ibd, na seva inasoma hapo hapo. Hawakuondoa .frm peke yake, na mafaili mengine ya pembeni kama .par, .TRG na db.opt yaliondoka pamoja nayo. Wazo lenyewe siyo geni, Drizzle, tawi lililojitenga na MySQL mwaka 2008, walishaitupa .frm zamani. MariaDB, tawi lingine la MySQL, mpaka leo wanaitumia, kwa hiyo kuhamia huko kusingetutoa kwenye maelezo ya sehemu mbili hata kama kungekuwa rahisi zaidi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kupandisha pale pale ingebidi ipite 5.6, 5.7, ndo 8.0, hairuhusiwi kuruka, na kila kituo kina mambo yake, kama kolamu za tarehe na saa za muundo wa kabla ya 5.6.4 ambazo 8.0 haizipokei mpaka majedwali yajengwe upya. Ya pili ni kutoa dampu na kuimwaga kwenye seva mpya tupu. Data haikufika gigabaiti moja, tukachagua dampu. Kingine kilichonivuta ni kwamba dampu haibebi .frm, seva mpya inajiandikia kamusi yake upya kutoka kwenye maandishi ya CREATE TABLE, kwa hiyo mabaki yote ya #sql kwenye folda ya zamani yanabaki kule kule.

Jedwali la ushuru lilikuwa la MyISAM, injini nyingine ya zamani, tukalibadili kuwa InnoDB, maana kwenye 8.0 kinga ya ALTER iliyokatika katikati ni ya majedwali ya InnoDB. Mtumiaji wa databesi tukampa mysql_native_password, njia ya zamani ya nywila, maana PHP yao ya zamani haikuelewa njia mpya ya nywila.

Kabla ya kuwakabidhi nikafanya jaribio ambalo meneja alilitazama kwa macho. Kwenye 8.0 ya sasa kuongeza kolamu kunaisha kufumba na kufumbua, kwa hiyo nikalazimisha njia ya zamani ya kukopi kwa kuandika ALGORITHM=COPY, amri ikiwa inaendelea nikachomoa waya wa umeme ukutani, UPS nimeitoa. Nikawasha. Jedwali la mizani lipo, mistari ileile, kolamu mpya haipo, kana kwamba hakuna aliyeagiza kitu. Tukarudia mara nne. Mara moja tulichomoa imeshamaliza, kolamu ikawepo. Hatukupata hata mara moja ile hali ya lipo na halipo.

Matokeo

Hesabu ya mistari kwenye majedwali yote 41 ilitoka sawa, jumla ya kilo na jumla ya malipo kwa kila msimu sawa. Kolamu ya unyevu iliingia na daftari la msimu likaingizwa kwa mkono, siku tatu. Msimu uliofuata walipima kwenye mfumo mpya na umeme ulikatika mara nyingi kama kawaida.

Nikitazama nyuma

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kukopi kila kitu kwanza na kutoamini kwamba neno "halipo" maana yake data imepotea. Kwenye mfumo wa maelezo mawili, ujumbe wa kosa unakwambia hayo mawili yamegombana tu, haukwambii nani mkweli. Mtu akiona 1146 akatengeneza jedwali jipya tupu lenye jina lile lile, anajiwekea mzigo juu ya mzigo. Kusubiri msimu uishe nako nakusimamia mpaka leo, pamoja na gharama ya daftari.

Kilichoshindikana upande wangu ni kuamini dampu kwa sababu iliingia bila kelele. Kulikuwa na jedwali linaitwa groups, la vikundi vya wakulima, na kwenye 8.0 hilo ni neno la amri za seva yenyewe, haliwezi kuwa jina bila kufungwa kwa alama. Mysqldump inafunga majina yote kwa alama kwa hiyo iliingia vizuri, ila ripoti ya vikundi kwenye programu ikagoma, na tumeijua siku meneja anaihitaji kwa ajili ya mkutano mkuu. Vivyo hivyo wakulima wa zamani wenye tarehe ya kujiunga ya sifuri tupu, 0000-00-00: dampu inalegeza ukali wa seva wakati wa kuingiza, zikapita zote, alafu wiki mbili baadaye karani anataka kubadili aina ya kolamu moja kwenye jedwali la wakulima, seva inakataa. Ningeweka nakala kwenye 5.7 na kuikagua kwa util.checkForServerUpgrade ya MySQL Shell, kifaa cha kukagua kabla ya kupandisha toleo, lile neno lingeonekana mapema, na tarehe za sifuri ningezitafuta kwa swali moja la SELECT. Niliruka kwa sababu njia ya dampu haikupita 5.7. Hakukuwa na sababu ya kuruka, ingekuwa kazi ya saa moja.

Na kuna kitu tumepoteza, lazima nikiseme. Zamani mysql.ibd haikuwepo, ukiharibikiwa .frm moja ni jedwali moja. Sasa kamusi ikiharibika seva nzima haiwaki. Wameweka nakala ya akiba ya maelezo ndani ya kila faili la .ibd, lile linalobeba data ya jedwali, unaweza kuisoma kwa programu ya ibd2sdi na inatoka kama maandishi ya JSON, hata mpangilio wa ENUM umo, nimejaribu kwenye mizani na daraja la pili bado linatangulia. Lakini hiyo ni ya kusoma ukishafikwa. Tena ukishaingia 8.0 hakuna kurudi 5.7 kwa mafaili yale yale, ni dampu tu. Msaada rasmi wa 8.0 wenyewe uliwekewa mwisho Aprili 2026, kwa hiyo hatua inayofuata ni 8.4, na huko ile njia ya zamani ya nywila imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe, kwa hiyo programu yao lazima ishughulikiwe kabla.

Karani aliniuliza swali zuri siku ya makabidhiano. Alifungua folda ya databesi mpya, akakuta mafaili ya .ibd, mengine makubwa, akasema, "Kaka, sasa hivi data imo humu kweli, si naweza kuendelea kukopi folda Ijumaa?" Nikamwambia hapana. Seva ikiwa inafanya kazi, faili unalokopi linabadilika huku unalikopi, na kamusi iko kwenye mysql.ibd nje ya folda hiyo. Tukaweka dampu ijitoe yenyewe kila jioni saa kumi na mbili, na Ijumaa ikabaki yake, ila kazi yake sasa ni kuchukua dampu ya jana, kuimwaga kwenye laptopu ya ofisi, na kumsomea mama mhasibu kilo za wakulima watatu anaowachagua yeye kwenye kitabu cha stakabadhi.